Nyumba Njema Si Mlango

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu asihadaike na sura ya nje. Lakini kwa mwanafunzi wa historia methali hii ina faida ya pili, maana humfundisha kwamba nyumba ni kama kitabu. Mlango ni jalada tu. Habari zenyewe zimo ndani, katika mahali pa moto, katika upana wa vyumba, katika njia aliyopita bwana na njia aliyopita mtumishi. Mawe na miti hayana ulimi, walakini hayawezi kuficha nia ya watu walioyapanga.

Katika insha hii, msomaji mwema, nataka tuisome nyumba ya namna moja ambayo utaikuta mara nyingi katika vitabu vya Kiingereza, yaani nyumba kubwa ya bwana mwenye ardhi katika mashamba ya Uingereza. Huenda ukaniuliza: Mimi nimezaliwa Kitui, au Makueni, katika nchi ya mibuyu na mito ya mchanga, nyumba ya bwana wa Kiingereza inanihusu nini? Jawabu langu ni kwamba inakuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, moto wa kale wa nyumba hiyo uliwaka mahali pale pale ulipowaka moto wa nyanya yako. Pili, serikali iliyowahi kuhesabu meko na madirisha ya Uingereza ndiyo iliyokuja kuhesabu nyumba za Ukambani. Tatu, nyumba ya namna hiyo ilivuka bahari ikajengwa hapa hapa Kenya, na mpaka leo imesimama.

Ili tusipotee njiani, tuchukue maswali manne, nasi tuiulize kila nyumba tutakayoifikia. Moto wake uko wapi? Nani huingia kwa mlango gani? Nani aliijenga, na kwa malipo ya nani? Na mahali ilipojengwa palikuwa na nini zamani?

Tuanze nyumbani, kwa kuwa mtu asiyeijua nyumba yake hawezi kuipima ya mwenziwe. Nyumba ya Mkamba ya zamani ilikuwa ya mviringo. Miti ilichimbiwa chini, fito zikafungwa kwa kamba za magome, kisha juu yake paa likaezekwa kwa nyasi zilizoshuka karibu na ardhi. Katikati palikuwa na mafiga matatu. Moshi haukuwa na tundu lake. Ulipenya taratibu katika nyasi, na katika kupenya huko ulifanya kazi, kwa maana ulikausha paa na kufukuza wadudu. Nyumba hiyo ilikuwa ya mke. Mume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, na kila nyumba ilikuwa na moto wake. Nyumba hizi pamoja na maghala ya nafaka na zizi la ng'ombe zilifanya mji mmoja, ambao kwa Kikamba huitwa musyi. Na mbele ya lango la mji palikuwa na uwanja ulioitwa thome. Hapo wanaume waliota moto jioni, wakapokea wageni, wakaamua mashauri, na vijana wakasikiliza.

Jambo la kuangaliwa hapa ni namna ukuu ulivyoonekana. Tajiri wa Ukambani hakuinua ukuta wake kwenda juu, aliongeza nyumba. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Kitui akapokewa na Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri aliyeongoza misafara hadi pwani. Ilikuwa katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya. Mtu wa cheo cha Kivoi alijulikana kwa wingi wa watu waliokaa kwake, na kwa wingi wa wageni walioshiba kwake. Kujenga kwenyewe kulikuwa kazi ya wengi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Wakamba walikuwa na mwethya, yaani ushirika wa majirani waliokutana kumsaidia mwenzao kazi iliyomzidi nguvu, wakijua kwamba zamu yao nayo itafika.

Sasa tuvuke bahari. Katika jimbo la Kent, kusini mashariki ya London, kuna nyumba iitwayo Penshurst Place. Ukumbi wake mkubwa ulianza kujengwa mwaka 1341 na tajiri mmoja, Sir John de Pulteney, mfanyabiashara aliyekuwa meya wa London mara nne. Ukuta ni wa mawe, paa ni la mbao nene, nalo liko juu sana. Lakini ukiingia ukatazama sakafu utashangaa. Katikati ya ukumbi pana mahali pa moto, wazi, pasipo dohani. Moshi ulipanda ukatokea juu paani. Basi ewe kijana wa Kitui, bwana mkubwa wa Uingereza wa karne ya 14, na nguo zake za thamani, aliota moto uliowaka katikati ya nyumba, na macho yakamwasha kwa moshi, kama yalivyokuwasha wewe katika jiko la nyanya yako.

Ukumbi huo ulikuwa moyo wa nyumba. Bwana, mkewe, wageni, makarani, watunza farasi na watumishi wote walikula humo pamoja. Usawa haukuwapo, kwa maana upande mmoja sakafu iliinuliwa kidogo, na meza ya bwana ikawekwa hapo juu. Upande wa pili kulikuwa na milango ya kwenda ghala la mkate, ghala la pombe, na jikoni. Hata hivyo wote walikuwa chini ya paa moja, wakaonana nyuso. Bwana aliyekuwa mchoyo alionekana, na mtumishi aliyekuwa na njaa alionekana vile vile.

Walakini tusiisifu nyumba ya kale kupita kiasi. Nje ya ukumbi kulikuwa na kijiji, na wengi wa watu wa kijiji hawakuwa huru. Mashamba waliyolima yalihesabiwa kuwa ya bwana, nao iliwapasa kumfanyia kazi siku kadha za kila juma bila mshahara, kisha ndipo walime vipande vyao wenyewe. Hawakuruhusiwa kuhama bila idhini yake. Mwaka 1086 Mfalme William, aliyekuwa ameishinda Uingereza miaka 20 nyuma, aliamuru milki zote ziandikwe katika daftari: ardhi ya kulima, watu, majembe ya ng'ombe, viwanda vya kusaga. Mwaka 1381 wakulima waliasi, na katika sehemu nyingi jambo la kwanza walilolifanya ni kuchoma hati za mabwana, kwa kuwa walifahamu ya kwamba minyororo yao ilikuwa imeandikwa kwa wino.

Baadaye moto ulihama. Mafundi walijenga dohani, na moto ukatoka katikati ya sakafu ukaenda ukutani. Jambo hili laonekana dogo, lakini liligeuza nyumba nzima. Moto wa ukutani waweza kuwashwa katika kila chumba, na mtu mwenye moto wake hana haja ya kukaa na wenziwe. Pia, moshi ulipokwisha kuzuiwa, ukumbi ungeweza kukatwa kwa dari na juu yake kujengwa orofa. Bwana akapanda ngazi akaenda kula chumbani mwake pamoja na jamaa zake wachache, na ukumbi, uliokuwa moyo, ukageuka kuwa mahali pa kupita tu.

Katika karne ya 16 nyumba zikaanza kutazama nje. Zamani madirisha yalikuwa madogo kwa hofu ya maadui; sasa yalipanuliwa ili majirani waone. Kioo kilikuwa ghali mno, na kwa hiyo dirisha kubwa lilikuwa sawa na mfuko wa fedha ulioanikwa ukutani. Mfano maarufu ni Hardwick Hall katika jimbo la Derbyshire, uliojengwa kati ya mwaka 1590 na 1597 na mwanamke mmoja tajiri, Elizabeth wa Shrewsbury. Madirisha ya nyumba hiyo ni mengi na makubwa hata mtu atazamaye kwa mbali aweza kufikiri kwamba imejengwa kwa kioo, na juu ya minara yake mwenyewe aliweka herufi za kwanza za jina lake, E na S, ili kila mpita njia azisome.

Serikali nayo ilitazama, ikaona kwamba nyumba yaweza kukamuliwa kama ng'ombe. Mwaka 1662 ikaweka kodi ya meko, shilingi mbili kwa mwaka kwa kila jiko, na watoza kodi wakaingia ndani ya nyumba za watu kuhesabu. Kodi hiyo ilichukiwa sana, ikafutwa mwaka 1689. Mwaka 1696 ikaja kodi ya madirisha, ambayo faida yake kwa serikali ilikuwa kwamba mtoza kodi aliweza kuhesabu akiwa nje. Watu walifanyaje? Wengi waliziba madirisha yao kwa matofali. Kodi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1851, na hata leo katika miji ya Uingereza utaona madirisha yaliyozibwa. Hivyo sheria iliyoandikwa mezani iliwatia watu gizani nyumbani mwao.

Kumbuka habari hiyo, msomaji, kwa sababu yatakiwa kusomwa pamoja na habari yetu. Mwaka 1901, nusu karne baada ya kuifuta kodi ya madirisha kwao, Waingereza walianzisha kodi ya nyumba katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Hapa hawakuhesabu meko wala madirisha, walihesabu paa. Tazama sasa hesabu hiyo ilivyompata Mkamba. Nimekwisha sema kwamba kwake kila mke alikuwa na nyumba yake, na kwamba heshima ya mtu ilionekana katika wingi wa nyumba. Basi kile kile kilichokuwa dalili ya baraka kiligeuka kuwa mzigo wa deni. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kuuza mbuzi au ng'ombe, au kwa kwenda kufanya kazi kwa mgeni. Katika sehemu nyingi za nchi watu walijaribu kukusanya jamaa wengi chini ya paa moja ili kupunguza hesabu. Na mwaka 1910 serikali ikaongeza kodi ya kichwa, ikawapata hata vijana wasio na nyumba. Uingereza kodi iliziba madirisha. Kwetu ilisonga watu ndani ya nyumba, na vijana ikawatoa nje ya mji.

Turudi Uingereza tumalize safari yetu ya huko. Katika karne ya 18 na ya 19 nyumba ya bwana ilifika upeo wa fahari yake. Iligawanywa kuwa nyumba mbili zilizofungwa katika ngozi moja. Mbele kulikuwa na ngazi pana, sebule za wageni, maktaba na chumba cha kucheza dansi. Nyuma kulikuwa na ngazi nyembamba, majiko, sehemu za kufulia, na vyumba vidogo chini ya paa walimolala vijakazi. Kengele zilivutwa kwa nyaya kutoka sebuleni zikalia chini kwa watumishi, hata bwana aliweza kuhudumiwa mwaka mzima asijue jina la msichana aliyewasha moto wake alfajiri. Ukumbi wa kale ulikuwa umewaonyesha watu tofauti zao. Nyumba mpya iliwaficha wasionane.

Hata nchi iliyozunguka nyumba ilipangwa upya. Bwana hakutaka kuona mashamba ya watu dirishani. Alitaka kuona majani mabichi, miti na maji. Katika jimbo la Dorset kulikuwa na mji mdogo wa kale karibu na nyumba ya Lodi Milton. Mnamo miaka ya 1770 na 1780 bwana huyo aliubomoa, akawahamisha watu wake katika kijiji kipya alichowajengea mbali na macho yake. Kijiji hicho kinaitwa Milton Abbas, nacho kipo mpaka leo: nyumba nyeupe za udongo, zimepangwa kwa safu, zimeezekwa kwa nyasi. Wageni huenda kuzisifu kwa uzuri wake, na ni nzuri kweli. Lakini swali letu la nne linatukumbusha kwamba chini ya bustani ya bwana kuna misingi ya nyumba za watu.

Sasa tumefika katika nyumba iliyovuka bahari. Katika jimbo la Cheshire kuna milki iitwayo Tatton, ambayo iliingia mikononi mwa ukoo wa Egerton mwaka 1598. Huko kuna nyumba mbili. Ya kwanza ni ya kale, ya karne ya 16, yenye ukumbi kama ule niliokueleza. Karibu yake huonekana alama za kijiji cha kale ambacho sasa hakipo. Ya pili ni jumba kubwa la mawe lililojengwa na mafundi wa ukoo wa Wyatt, likamalizika mapema katika karne ya 19. Bwana wa mwisho wa milki hiyo aliitwa Maurice Egerton, aliyezaliwa mwaka 1874 akarithi cheo cha baba yake mwaka 1920. Huyu alikuja Kenya, akapata maelfu ya ekari huko Njoro, karibu na Nakuru, na mwaka 1938 akaanza kujenga nyumba ya tatu.

Kazi ilicheleweshwa na Vita vya Pili vya Dunia, ikamalizika mwaka 1954. Ni kasri la mawe ya kuchongwa, lenye vyumba 52. Ndani yake mna ukumbi mkubwa wa dansi wenye kuta za mbao na kinanda cha mabomba kama kile cha makanisa makubwa. Watu husimulia kwamba alilijenga ili kumpendeza mwanamke aliyeidharau nyumba yake ya kwanza, na kwamba mwanamke huyo alikataa asije. Hadithi ni tamu, na kweli Egerton hakuoa. Lakini mwanafunzi wa historia hawezi kujenga juu ya uvumi. Hebu tulisome kasri lenyewe kwa maswali yetu.

Moto wake uko wapi? Uko ukutani, katika dohani za Kiingereza, chini ya jua la Kenya. Nani aliingia kwa mlango gani? Humo ukumbi ulirudi, lakini ulirudi bila watu wake: haukuwa ukumbi wa kula pamoja, bali wa kuonyesha. Mwenyewe alikaa na nafasi ya watu mia, akiwa peke yake. Nani alijenga, na kwa malipo ya nani? Katika mashamba ya walowezi, sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika aliyekaa katika shamba la mzungu amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ukilinganisha sheria hiyo na siku za kazi za wanakijiji wa Uingereza wa kale, utaona kwamba Waingereza walileta Kenya si namna ya kujenga tu, bali pia namna ya kutawala ambayo kwao ilikuwa imekufa zamani. Na mahali hapo palikuwa na nini kwanza? Palikuwa na ardhi iliyotengwa kwa wazungu peke yao. Kasri lilimalizika mwaka 1954, wakati nchi ilipokuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na maelfu ya watu walikuwa vizuizini kwa sababu ya kudai ardhi. Bwana Egerton alifariki mwaka 1958. Hakuwa na mtoto, na cheo chake kikafa pamoja naye. Jumba la Tatton akaliachia chama cha Waingereza cha kuhifadhi mahali pa historia.

Haki yataka niseme na upande wa pili. Mwaka 1939 bwana huyo huyo alitoa ardhi huko Njoro ijengwe shule ya kilimo. Shule hiyo ilianzishwa kwa ajili ya vijana wa Kizungu, lakini baadaye milango yake ilifunguliwa kwa vijana wa kila taifa, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Kasri lenyewe liko chini ya chuo hicho, na mtu yeyote aweza kulitembelea. Huenda wewe mwenyewe ukaenda kusoma huko. Ukienda, tazama mambo mawili kwa pamoja: ustadi wa mikono iliyochonga mawe, na jasho ambalo halikuandikwa popote. Atazamaye fahari tu amesoma nusu ya kitabu, na atazamaye dhuluma tu amesoma nusu nyingine.

Je, katika Kitui na Makueni hakuna majengo ya wageni ya kusoma? Yapo, ijapokuwa kasri hakuna. Ukame uliwafanya walowezi wapendelee nyanda za juu. Lakini wamisionari wa Kiskoti walijenga Kibwezi mwaka 1891, kisha homa ikawaondoa, wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Misheni ya Africa Inland ilianza Nzaui mwaka 1895. Huko Kiboko, kando ya barabara kuu ya Mombasa, mwindaji J. A. Hunter alijenga nyumba ya wageni mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtu huyu alikuwa ametumwa na serikali, kati ya mwaka 1944 na 1946, kuua vifaru katika msitu wa Makueni ili Wakamba wapate kupewa makao mapya; aliua karibu 1,000. Wengi wa wasomaji wangu wa Makueni wamelala usiku wa jana katika nyumba zilizosimama juu ya ardhi hiyo. Kwa hiyo swali la nne si la mabwana wa Kiingereza peke yao. Hata nyumba yetu yaweza kuulizwa.

Na katika Makindu kuna jengo moja ambalo ningependa ulifikirie sana. Ni hekalu la Makalasinga, lililojengwa mwaka 1926. Msafiri wa dini yoyote akifika hupewa chakula bila malipo, na mahali pa kulala. Wote hula chakula kile kile katika ukumbi mmoja, na hapana meza iliyoinuliwa juu ya nyingine. Ukumbi wa Penshurst ulikuwa na jukwaa la bwana. Ukumbi wa kasri la Njoro ulikuwa na bwana bila wageni. Ukumbi wa Makindu una wageni bila bwana. Mtu aweza kujifunza zaidi katika kulinganisha kumbi hizo tatu kuliko katika kukariri majina ya wafalme kumi.

Basi tufunge hesabu yetu. Nyumba ya bwana wa Kiingereza haikukua kwa mawe tu. Ilikua kwa kuhamisha moto, kugawanya milango, kutumia kazi ya wengine na kusogeza majirani mbali na macho. Mambo hayo manne hayana kabila wala bara. Leo katika Ukambani nyumba za mviringo zimekuwa chache. Za matofali na mabati zimeshika mahali pake, nami sizilaumu, maana bati hushika maji ya mvua, na mvua kwetu ni mali. Lakini baadhi ya wenye mali wameanza kujenga kuta ndefu zenye lango la chuma mahali ambapo mababu wangeacha uwanja wa thome. Ukuta huzuia mwizi. Huzuia pia mashauri, wageni, na vijana waliopaswa kusikiliza.

Nawe kijana, siku moja utajenga. Kabla ya siku hiyo ifanye kazi hii ndogo. Mtafute mzee wa kijiji chenu aliyekaa katika nyumba ya nyasi. Mwulize mafiga yalikuwa wapi, mgeni aliketi wapi, mbuzi walilala wapi, nani alikata miti na nani alileta nyasi, na kodi ililipwaje. Pima kwa hatua, chora kwa kalamu, andika jina lake na mwaka. Penshurst inajulikana kwa kuwa watu waliiandika na kuitunza tangu mwaka 1341. Nyumba ya nyasi haidumu hivyo. Kisipokuwapo kitabu, mchwa ndiye atakayekuwa msomaji wake wa mwisho.